Mapenzi kwa Watu Tusiowajua: Hotuba kwa Wahitimu na Wanafunzi, Tabora



Kamati ilinitajia mada za kawaida: nidhamu, uchumi, uongozi. Ni mada nzuri, na kila mwaka husemwa. Mimi nimeomba niseme juu ya ushabiki, yaani yale mapenzi ya kijana kwa mwimbaji asiyepata hata kumsalimu, au kwa mtu wa kitabuni ambaye hakuzaliwa kamwe. Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wamepotezwa na waimbaji wa bongo fleva. Naomba wakubwa zangu wajikumbuke kwanza.

Mji huu haukuanza jana. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda na nyimbo zao hata pwani, wakarudi na za huko. Baadaye ikaingia ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi, vyeo na majigambo. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa ile njia ya misafara. Muziki wa Kongo ulipovuka ziwa, ulikuta njia imekwisha kutengenezwa.

Ndipo zikaja bendi. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na mji wenye bendi tatu haukosi ubishi. Hata kule Dar es Salaam, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alipoanzisha bendi mwaka 1959 aliiita Western Jazz, kwa kukumbuka Jimbo la Magharibi alikotoka. Mtindo ndio uliokuwa bendera ya shabiki. Western walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata. Shabiki hakusema anapenda dansi. Alisema yeye ni mtu wa Saboso, basi, na asiyekubali aondoke.

Redio Tanzania ilizirekodi bendi hizo, na wasikilizaji wakapeleka kadi za salamu wakiomba nyimbo. Kwa hiyo mkulima wa tumbaku kule Urambo aliweza kuisikia bendi ya mjini kwake ikitokea Dar es Salaam! Shem Karenga, aliyetoka Kigoma akaja kuimba Tabora Jazz, alijulikana kwa wimbo wa Dada Asha hata na watu wasiopata kumwona mpaka alipofariki mwaka 2014. Mbaraka Mwinshehe alipokufa kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, alikuwa na umri wa miaka 34. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nyumbani kwetu alitajwa kama mjomba aliyesafiri.

Sasa vitabu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, alitokea katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuja katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Nakala tuliyoisoma sisi bwenini haikuwa na jalada, na kurasa zake zilishonwa kwa uzi wa viatu. Tulipokezana kwa zamu, na aliyethubutu kusimulia mwisho kabla ya wenzake kufika hakusemeshwa wiki nzima. Wapo waliojifunza kusoma Kiswahili upesi kwa sababu hiyo tu, nami sioni aibu kusema hivyo mbele ya walimu. Tusidhani ni utoto wa Kiafrika, maana Conan Doyle alipomwua Sherlock Holmes katika hadithi mwaka 1893, wasomaji wa Uingereza walimlaumu sana, na miaka kumi baadaye akamrudisha hai.

Ila ushabiki una kasoro moja inayonikera. Hupenda jina moja, ukasahau yaliyobaki. Tunamtaja mwimbaji, aliyepiga gitaa la besi je? Aliyepiga tumba? Sisi wa maofisini tunaamini faili, lakini nani aliwahi kufungua faili la mpiga tumba? Majina hayo yamo vichwani mwa wazee waliocheza dansi, na kila tunapokutana hapa idadi yao imepungua.

Kwa hiyo nina ombi. Leo baada ya chakula, kila mhitimu mwenye miaka zaidi ya sitini akae na wanafunzi wawili. Awatajie bendi alizozicheza, ukumbi, mwaka kama anaukumbuka, na wapigaji wote anaowajua, siyo waimbaji tu. Wanafunzi waandike, na karatasi zikabidhiwe maktaba ya shule. Nanyi vijana mkishamaliza, waelezeni wazee hao mnampenda mwimbaji gani wa leo na kwa nini. Wazee wasicheke. Nimeleta daftari ishirini na nne. Zipo pale mlangoni.