Dakika Tatu za Kuomba Kura Shuleni

Hotuba kwa wanafunzi wanaowania nyadhifa katika mabaraza ya wanafunzi ya shule za sekondari



Mwanafunzi anayesimama mbele ya paredi kuomba kura ana kazi ngumu kuliko ya mwanasiasa. Mwanasiasa huhutubia watu wasiojua anavyoishi nyumbani kwake. Mwanafunzi huhutubia watu wanaolala naye bweni moja. Wanajua kama hurudisha vitabu, kama huruka foleni ya chakula, kama aliwahi kumtetea mtoto wa Kidato cha Kwanza au alimtuma amfulie soksi. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya hotuba yake imekwisha kusikika kabla hajafungua kinywa.

Inafaa mwaniaji ajue cheo hiki kimetoka wapi. Zamani, katika shule nyingi, viranja waliteuliwa na walimu, na wanafunzi wengi waliwaona kama macho na masikio ya ofisi. Uhasama huo ulifikia kiwango cha kutisha mwaka wa 1999, viranja 4 wa Shule ya Upili ya Nyeri walipoteketezwa kwa moto usiku katika chumba chao cha kulala. Miaka miwili baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2008 migomo ilienea tena katika shule nyingi nchini. Mwaka wa 2009, Wizara ya Elimu ikisaidiana na UNICEF ilianza kuhimiza wanafunzi wajichagulie viongozi. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuhudhuria mikutano ya Bodi ya Usimamizi ya shule.

Ndiyo maana hotuba ya kuomba kura si mchezo wa kuigiza. Anayeombewa kura ni mtu atakayepeleka malalamiko ofisini yakiwa bado ni maneno. Wasikilizaji wake ni wa aina mbili, na kila upande una shaka yake. Wanafunzi wanaogopa kibaraka. Walimu wanaogopa mchochezi. Mwaniaji mwerevu kupita kiasi hujaribu kuwaambia wanafunzi jambo moja bwenini na walimu jambo jingine kwenye mahojiano ya kuwachuja wawaniaji. Shule ni mahali padogo; kabla ya jioni pande zote mbili huwa zimelinganisha aliyoyasema.

Dawa yake ni kuahidi kile ambacho cheo kinaweza kufanya. Rais wa wanafunzi hapunguzi karo. Haajiri mwalimu wa Fizikia. Hawezi kubadilisha githeri kuwa pilau, ingawa kila mwaka hakosi mmoja wa kuahidi hivyo na kupigiwa makofi mengi sana. Anachoweza ni kukusanya maoni, kuyafikisha, na kurudi na jibu. Hapo ndipo kura zilipo.

Tuseme mwaniaji anataka kuzungumzia maji. Akisema, "Nitahakikisha kuna maji ya kutosha," hajasema kitu. Hata anayemfuata atasema vivyo hivyo. Lakini akisema hivi, ukumbi utanyamaza: "Bweni letu lina mifereji sita, na miwili imeharibika. Saa kumi na moja asubuhi foleni inafika mlangoni, na wa mwisho huchelewa darasani na kuadhibiwa. Wiki ya kwanza nitapeleka jambo hili kwa naibu wa mwalimu mkuu. Ijumaa nitasimama hapa niwasomee jibu, hata kama jibu ni hapana."

Maneno hayo yana hesabu, yana mtu anayeumia, yana siku na yana ofisi itakayoendewa. Mwanafunzi anasikia kwamba atatetewa. Mwalimu anasikia kwamba hakuna atakayevunja madirisha. Na ile "hata kama jibu ni hapana" ina uzito kuliko ahadi kumi, kwa sababu kimya cha ofisi ndicho huzaa uvumi, na uvumi ndio hutangulia mgomo.

Ili kupata hesabu kama hiyo, mwaniaji hana budi kutembea. Akae na madarasa ya chini, aulize wapishi, amwulize matroni, asimsahau mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu na anayejua vizuri ni mlango gani hauna njia ya kupita. Siku tatu za kusikiliza zinatosha kuandika dakika tatu za kusema.

Mengine ni madogo. "Itifaki zote zimezingatiwa" haimwongezei mtu kura. Kumtukana mpinzani humpunguzia, maana mpinzani naye ana marafiki. Anayetafuta kura kwa kabila lake, au kwa kugawa mandazi usiku wa kuamkia uchaguzi, anajifunza mapema tabia ambazo nchi hii inazilipia ghali, na kamati ya uchaguzi ina haki ya kumwondoa. Lugha iwe ile ambayo shule imeruhusu, iliyo nyepesi. Karatasi ndogo mkononi si aibu. Kelele zikizuka, anyamaze kidogo, asishindane nazo.

Akimaliza hoja yake asitafute methali ya kufungia. Ataje jina lake, wadhifa anaouwania na mahali jina lake lilipo kwenye karatasi ya kura, kisha ashuke jukwaani na kumpisha anayefuata.