Mwaka Huu Tuchangie Chanjo, Si Kuku



Tuanze na deni. Mwaka juzi mlichanga, tukanunua kuku wa kienyeji na kuwagawia kaya 30 kule nyumbani, kila kaya mitetea mitano na jogoo mmoja. Jumla kuku 180. Tuliporudi Desemba kuhesabu, tuliwakuta 26. Wachache waliliwa na vicheche, wachache waliuzwa kununua sare na madaftari. Waliobaki walikwenda na mdondo, ndani ya wiki mbili za mwezi wa kumi. Kwenye bajeti yetu hapakuwa na hata shilingi moja ya chanjo. Kosa hilo ni la kamati, si la akina mama waliowafuga.

Na tulijua. Nani kati yetu hakuona, utotoni, kuku wanasinzia asubuhi, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na jioni banda ni tupu? Wengi wetu humu ada zetu zilitoka kwenye tenga la kuku la mama.

Mdondo hauna dawa. Una kinga tu. Ipo chanjo ya matone inayotengenezwa hapa hapa nchini, inayostahimili joto kuliko zile za zamani. Ni tone moja kwenye jicho, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukingoja mpaka kuku waanze kusinzia umechelewa.

Basi kwa nini mama hanunui mwenyewe? Hapa ndipo hesabu ilipo. Chupa moja hutosha kuku wengi mno kuliko wa kaya moja. Mwenye kuku kumi anatumia matone kumi, mengine yote yanamwagwa. Lakini kitongoji kizima kikichanja siku moja, gharama kwa kila kuku ni ndogo sana. Kinachokosekana ni mtu wa kupanga siku hiyo na kubeba chupa kwenye boksi la baridi.

Tunaomba kila mwanachama achangie shilingi 20,000. Zitawalipa vijana wawili kila kijiji, watakaofundishwa na mtaalamu wa mifugo wa kata, na zitanunua chanjo ya mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili kila kaya italipia kuku wake. Tumeshawaambia, na wamekubali, ingawa mzee mmoja alituuliza kama na risiti tutaleta. Tutaleta.

Vijana hao watasema na jambo jingine, ambalo si tamu. Ugonjwa ukiingia tunakimbilia kuchinja, au kuuza kwa bei ya kutupa gulioni, halafu manyoya na matumbo tunatupa jalalani, kuku wa jirani wanayadonoa. Ndivyo mdondo unavyohama. Kuku wagonjwa wasitoke nyumbani, na mizoga na mabaki yachimbiwe.

Matone ya kwanza tunataka yawe yamekwisha kabla ya Agosti. Fomu ziko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni. Atakayelipa leo ataondoka na risiti yake.