Ziba Sikio, Punguza Sauti

Msikilizaji, abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza hukaa njiani kutwa nzima. Injini inanguruma. Upepo unavuma dirishani. Runinga ya basi nayo imefunguliwa. Abiria anataka kusikia kaswida yake au mpira. Anafanya nini? Anaongeza sauti ya simu. Hapo ndipo sikio linapoumia, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Zipo spika za masikioni zinazoziba tundu la sikio. Kelele ya nje ikizuiwa, sauti ndogo inatosha.

Siri iko kwenye kipira cha mbele ya spika. Pakiti nyingi huja na vipira vya saizi tatu, lakini wengi hutumia kile kilichovishwa kiwandani. Vingine vinabaki kwenye boksi. Vijaribu vyote! Sikio la kulia huenda likataka saizi yake, la kushoto yake. Vuta sikio juu kidogo, ingiza spika, achia. Ikikaa sawasawa, besi inajaa. Besi ikisikika nyembamba, kuna upenyo: badilisha kipira. Vya sifongo huziba vizuri sana, ila huchakaa upesi.

Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Kwa hiyo, ziba kwanza, kisha punguza sauti.

Basi likifika stendi, zitoe spika masikioni kabla ya kushuka. Bodaboda inayotokea nyuma hutaisikia ukiwa umezivaa.