UNGUJA NA WAYA MMOJA WA BAHARINI



Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Giza ndilo lililosemwa sana, lakini dhiki kubwa zaidi ilikuwa maji. Visima vya mji huvutwa kwa pampu za umeme. Pampu ziliponyamaza, ndoo zikarudi vichwani. Mwenye jenereta aliendelea na kazi kwa gharama ya mafuta. Asiye nayo alingoja.

Umeme ulirudi mwezi Juni. Desemba 2009 njia ile ile ikaharibika tena, safari hii kwa miezi mitatu hivi. Baina ya misiba hiyo ilikuwa imepita miezi kumi na minane, na kisiwa kilikuwa kingali kikitegemea waya ule ule. Waya mwingine, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Shirika la umeme la kisiwani halipimwi siku taa zinaporudi. Hupimwa kwa ghala lake la vipuri, kwa mafundi waliokwisha kufanya mazoezi ya dharura, na kwa orodha ya watakaotangulia kurudishiwa umeme: hospitali, visima, kisha wengine. Orodha hiyo haina budi kuandikwa taa zingali zikiwaka. Chama chenye pampu au mashine ya barafu ama kimo ama hakimo. Katibu na aulize sasa.