Hotuba Juu ya Kuuawa kwa Wazee Wetu



Chama chetu kimezoea kuchanga fedha za jeneza na za safari ya kumrudisha maiti kwao. Leo naomba ruhusa niulize jambo linalotangulia jeneza: mzee huyu amekufaje?

Huko Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na namna ya mauaji hayo hufanana. Kwanza hutokea ugonjwa au kifo cha kijana. Mganga hupiga ramli, jina hutajwa, na mnong'ono huenea matangani. Kisha usiku watu huja na mapanga. Anayeuawa mara nyingi ni mwanamume mwenye mvi, naye ana shamba. Wanaowatuma wauaji aghalabu si wageni, bali ni wana, wapwa au watoto wa ndugu wanaongojea urithi. Uchawi ni kisingizio. Kisa ni ardhi.

Wala jambo hili si la Pwani peke yake. Huko Kisii, mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11 walichomwa moto kwa shutuma hiyo hiyo. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wakauawa wanawake wazee 4.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikataza kumsingizia mtu uchawi, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima pasipo kudhulumiwa. Lakini shahidi ni jamaa ya muuaji, na jamaa hunyamaza. Huko Ganze, Kaya Godoma imewapokea wazee waliokimbia. Wamesalimika, lakini wamelala mbali na mashamba yao.

Basi nasi tufanye haya. Mwenye shamba aligawe na kuliandikisha angali hai, mbele ya mashahidi. Mgonjwa apelekwe hospitali, na fedha tuzipelekazo nyumbani zisilipie ramli. Na matangani, atakayemtaja mzee kuwa mchawi aulizwe papo hapo, mbele ya watu wote. Tukinyamaza, tutakuwa tumechangia kifo kabla ya kuchangia mazishi.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Tukiwaua wazee, neno letu litatengenezwa na nani?