Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Somo letu ni kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 2, mstari wa 19.

Hana alikuwa amemtoa mwanawe Samweli kwa Bwana. Mtoto aliishi Shilo, mikononi mwa kuhani Eli. Hana hakumpikia tena wala kumwosha. Lakini kila mwaka, alipopanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu, alimchukulia mtoto kanzu ndogo aliyomshonea. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Mtoto hukua. Kanzu ya mwaka jana haimwenei mwaka huu. Hana, ingawa alikaa mbali, ilimpasa kukumbuka kimo cha mwanawe. Alimtoa mtoto, lakini hakuutoa umama wake.

Siku hizi nyumba zikivunjika twasikia maneno mengine. Baba asema, "Mama yake alimchukua, basi na amlishe." Mama aliyemwachia nyanya mtoto kule mashambani asema, "Yuko kwa mama yangu, hana shida." Wengine huandikiana hata karatasi mbele ya wazee: mimi simtaki mtoto, nawe usiniulize hata senti. Wadhani mambo yamekwisha.

Sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake. Baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yakaza neno hilo hilo. Mahakama ikiamua mtoto akae na mzazi mmoja, yule mwingine hakufunguliwa mzigo. Chakula, mavazi, karo na matibabu bado vyamhusu mpaka mtoto atimize miaka 18, na mahakama yaweza kuuongeza muda huo, kwa mfano kwa ajili ya masomo au ulemavu. Kuasili mtoto ni jambo jingine: mahakama ikiisha kutoa amri, wajibu huhamia kwa wazazi wapya. Lakini kumpeleka mtoto kwa nyanya si kuasili, wala karatasi ya wazee si amri ya mahakama.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ilifutwa mwaka 1969. Hata Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimtwika mama huyo wajibu wa kwanza. Mlango ambao baba alizoea kutokea umefungwa.

Lakini Mkristo asingoje kuitwa mahakamani. Katika 1 Timotheo 5:8, Mtume Paulo amhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Sheria yaweza kumshurutisha mtu kutoa pesa. Haiwezi kumfanya ajue kipimo cha kiatu cha mwanawe.

Nawe unayekaa na mtoto, usimfiche asimwone mzazi mwenzako kwa sababu hakuleta pesa. Mtoto si rehani. Mkishindwa kupatana, nendeni kwa afisa wa watoto, awasaidie kuandika mapatano yaliyo ya haki.

Ndugu uliye mbali na mtoto wako, juma hili uliza yuko darasa la ngapi. Uliza kama sare yake bado yamtosha. Ukiwa na kidogo, peleka hicho kidogo. Ukikosa, nenda mwenyewe ukamwambie. Mtoto aweza kuvumilia umaskini wa baba yake. Kusahauliwa ni kidonda kingine.

Tuombe. Ee Baba, wewe usiyewasahau watoto wako, utupe moyo wa kuwakumbuka wetu, walio karibu na walio mbali. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.