Ekseli ya Mbele: Maneno kwa Madereva wa Matipa



Nimeombwa niseme juu ya ekseli ya mbele, kwa sisi tunaopakia mawe huku Kajiado, kutoka Laiser Hill mpaka Kitengela. Mwenye gari akitaka kununua nyingine yenye nguvu, kwanza mwambieni alipime gari. Lipakieni kama siku zote, lipelekeni kwenye mizani, mtazame uzito wa magurudumu ya mbele peke yake. Bila hesabu hiyo mnabahatisha tu.

Na uzito huo si wote. Gari lililojaa likishuka mteremko, ukikanyaga breki, mzigo huegemea mbele. Ukiingia shimoni hapo, ekseli hupigwa kuliko mizani ilivyosema. Basi iwe na nguvu ya kuzidi. Lakini ekseli nene juu ya springi zilizochoka, breki ndogo na tairi dhaifu ni kazi bure.

Ekseli inayovuta kwa mbele hufaa sana katika udongo mweusi wa Kitengela wakati wa masika. Ila ni nzito, na sili zake zikipasuka vumbi hula beringi. Kwenye barabara kavu tu, fedha hizo zitie katika breki.

Sasa lililo letu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka tani 8 kwa ekseli ya usukani yenye tairi mbili. Mkifunga ya tani 9, barabarani ni 8 zile zile. Mwenye gari asiongeze mawe kwa sababu ya chuma kipya; anayekaa juu ya ekseli hiyo ni dereva. Naomba Katibu aliandike neno hilo katika madai yetu.